Disketi ya Lebo Nyekundu

"Muuaji! Umemuua kaka yangu!"

Namwase alimzaba Siraje kofi palepale msibani, kijijini Wanyange, mbele ya watu wote. Nyie! Hata waliokuwa wanalia waligeuka kutazama.

Tulieni niwape kisa, maana nilikuwepo.

Mwaka 1997 Namwase alikuwa mtunza kompyuta ya watafiti pale Jinja. Vituo vya nchi nzima vilimletea disketi zenye taarifa za vijidudu vya magonjwa: jeni zao, na dawa gani inawaua, gani imeshindwa. Yeye akaziingiza zote kwenye kompyuta ile moja. Daktari akikwama, anauliza huko.

Disketi zenyewe adimu, acha tu! Kwa hiyo desturi ya ofisi ilikuwa hivi: ukishaingiza taarifa, futa disketi, itumie tena.

Siraje ndiye mtafiti wa kituo cha Mbale. Alikuwa mchumba wa Namwase... mpaka alipomuoa Nambozo wa Nabuyonga bila hata kuaga. Roho ilimuuma dada wa watu, wee!

Haukupita muda, Isiko, kaka yake, akashikwa na malale. Mvuvi mzima, analala mchana na kijiko mkononi. Dakta Yekosofati, aliyekuwa anamtibu, akaja ofisini mbio.

"Nyabo," alimwita kwa heshima, "dawa yetu ya kawaida bado inaua vijidudu hivi?"

Namwase akatafuta.

"Inaua, Dakta. Hakuna kituo kilichosema vingine."

Akamnakilia jibu kwenye disketi, daktari akaondoka nayo. Isiko akachomwa sindano za dawa hiyo.

Hakuamka tena...

Sasa siku ya mazishi, muuguzi mmoja wa Mbale akamnong'oneza Namwase kwamba kule wagonjwa walishakufa licha ya kupewa dawa hiyohiyo. Na Siraje alikuwa anajua! Ndipo kofi likatua.

"Ulijua dawa imeshindwa! Ukaficha ili upate sifa peke yako!"

Siraje alishika shavu.

"Nilikuletea, Namwase. Isiko alikuwa hajaugua bado."

"Muongo wewe!"

"Disketi ya lebo nyekundu. Nilimpa dereva wenu akukabidhi mkononi. Ulipokaa kimya, nikajua umeshaiingiza."

Namwase akakaa chini, kwenye udongo.

Ilimfikia! Ilimfikia wiki ya ile harusi ya Siraje na Nambozo. Alipoona mwandiko wa Siraje, hasira zikampanda, akaifuta bila kuisoma. Kumkomoa tu!

Dakta Yekosofati, maskini, hakuelewa kitu. Akaja kumpa pole, akaingiza mkono mfukoni.

"Nyabo, hii disketi yako nilisahau kuirudisha."

Lebo nyekundu...

Ndiyo ileile! Palipokuwa na onyo la Siraje, Namwase aliandika kwa mkono wake jibu lililomuua kaka yake.

Alipiga yowe ambalo mpaka leo sitaki kulikumbuka.

Jamani, ukigombana na mtu, gombana naye yeye. Kazi yake usiiguse, hujui ni uhai wa nani umebebwa humo. Hasira hasara, tunasema kila siku, na bado hatusikii.

Namwase alitaka kumkomoa Siraje. Tuliyemzika ni Isiko.