Mwaija Auza Nyumba ya Chanika

Kila asubuhi Mwaija alifagia vyumba vinne. Kisha alifagia baraza. Kisha alikaa kwenye mkeka na kuitazama njia.

Njia ilikuwa tupu.

Nyumba yake ilikuwa Chanika, katika nchi ya Handeni, kando ya njia ya misafara. Marehemu mumewe, Mbwana, aliijenga kwa ajili ya wapagazi waliobeba mizigo kutoka bara kwenda pwani. Siku hizo watu thelathini waliweza kulala hapo kwa usiku mmoja. Mwaija alipika ugali kwenye sufuria tatu, na kila siku alilalamika kwamba wapagazi wana kelele.

Ndipo Wajerumani wakajenga reli kutoka Tanga. Reli ikafika Korogwe. Mizigo ikapanda gari la moshi, na wapagazi wakapungua hadi wakaisha kabisa. Wenye maduka wa Chanika walifunga vitu vyao, wakahamia Korogwe karibu na stesheni. Mwaka wa tatu Mbwana aliugua, akafariki. Walimzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mwaija alipanga mawe meupe kuzunguka kaburi kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa alikuwa ameishi peke yake miaka miwili. Alipika muhogo mmoja, akala nusu, nusu akaiacha kwa ajili ya kesho. Kuna siku jua lilizama hajasema neno hata moja na mtu. Siku hizo alizungumza na kuku. Kuku ni wasikilizaji wazuri, lakini hawajibu.

Binti yake, Hamisa, alikuwa ameolewa Korogwe. Alikuwa na mimba ya kwanza. Alimtumia mama yake salamu kwa wasafiri: "Mama, njoo. Nataka uwepo nitakapojifungua."

Mwaija alitaka kwenda. Alitaka sana. Lakini mama mkwe hawezi kukaa chini ya paa moja na mkwe wake mwaka mzima. Ni aibu kwake, na ni mateso kwa mkwe. Akajibu: "Nitauza nyumba kwanza. Nikija, nitajenga chumba changu karibu nawe."

Basi akaanza kutafuta mnunuzi. Aliwaambia watu wachache waliobaki, na kila mpita njia. Majuma yakapita. Nani anunue nyumba ya wageni mahali ambapo wageni hawapiti?

Siku moja alikuja mfanyabiashara wa ng'ombe, jina lake Mdoe. Alitazama vyumba. Alipiga nguzo kwa ngumi na kuzisifu. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akasimama.

"Mama, haya mawe ni ya nini?"

"Hapo amelala mume wangu."

Mdoe alirudi nyuma hatua mbili. "Hapana, mama. Mimi silali na wafu wa watu wengine."

Akaondoka. Hata maji aliyotengewa hakuyanywa.

Baada ya hapo miezi mitatu ilipita bila mtu mwingine kuuliza. Tumbo la Hamisa lilikuwa linakua. Asubuhi moja Mwaija alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Aliyaondoa mawe meupe, moja baada ya jingine, akayaficha chini ya kitanda. Kisha akalima pale juu ya kaburi, akapanda viazi vitamu.

"Nisamehe, baba Hamisa," alisema. "Nataka kumwona mjukuu wetu."

Hapa Mwaija alikosa, nami sitamtetea. Lakini mtu aliyekaa peke yake muda mrefu hana wa kumwambia, "Usifanye hivyo." Alilia hadi viazi vyote vikaisha kupandwa.

Majani ya viazi yalipokwisha kutambaa, alikuja Sadala. Sadala alikuwa karani wa akida, yaani mkubwa aliyewekwa na serikali kusimamia eneo lile. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi na miguu yenye vumbi. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuhesabu nyumba.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu. Karibu ukae."

"Sikai, mama. Nimekuja kuhesabu nyumba tu."

"Hesabu ukiwa umekaa."

Sadala akacheka, akakaa. Mwaija alimletea muhogo wa kuchemsha, akamweleza habari za nyumba, za Hamisa, na za chumba anachotaka kujenga. Alieleza haraka haraka, kama mtu anayeogopa mgeni asije akanyanyuka.

"Unawaambia watu unauza nini?" Sadala aliuliza.

"Nyumba ya wapagazi. Kubwa. Ina nafasi ya watu thelathini."

"Na wapagazi wako wapi, mama?"

Mwaija akaitazama njia.

"Unauza kitu ambacho wakati wake umekwisha," Sadala alisema. "Hata bei yako ni ya siku za misafara. Usiniangalie hivyo, nasema kweli. Lakini nyumba hii ina shamba, sivyo? Ina migomba, ina mihogo, na kijito kiko karibu. Huko Segera na Korogwe mashamba ya mkonge yanaongezeka kila mwaka. Wako wakulima waliokosa ardhi kwa sababu hiyo. Hao hawataki njia ya misafara. Wanataka udongo na paa. Waambie unauza nyumba ya mkulima, na bei iwe ya mkulima."

"Nitawapata wapi mimi? Niko peke yangu hapa."

"Mimi ndiye ninayezunguka. Nitasema kwa niaba yako."

Sadala alitimiza ahadi. Kabla ya mwezi kwisha, mtu na mkewe walifika kutoka Segera, na mizigo yao kichwani. Mume aliitwa Athuman. Mke aliitwa Mwantumu. Shamba lao lilikuwa limechukuliwa, likapandwa mkonge. Athuman alishika udongo, akaunusa, akaufinya mkononi. Mwantumu aliingia jikoni, akatoka anatabasamu.

Walilala hapo. Usiku ule Mwaija alisikia watu wakikohoa na kunong'ona katika chumba cha pili. Hakuona kwamba ni kelele. Alilala usingizi mzuri kuliko siku zote za miaka ile miwili.

Asubuhi walipatana bei. Athuman alitaka kulipa hapo hapo. Lakini Sadala, ambaye alikuja kuandika hati, aliinua mkono.

"Bado. Kwanza tuwaite majirani. Tutauzunguka mpaka wa shamba pamoja, muuzaji, mnunuzi na majirani. Ndipo tuandike."

"Kuna haja gani?" Mwaija aliuliza kwa haraka. "Mzee Hiza wa shamba la jirani ni mtu mzima. Anakaa mbali. Tusimsumbue."

"Mama, sikiliza. Mwaka jana mtu alinunua shamba bila kuwaita majirani. Akalima. Alipotaka kuvuna, jirani akasema, 'Mpaka wangu ni pale.' Wakapigana mapanga. Mpaka haujulikani kwa maneno ya muuzaji peke yake. Jirani ndiye anayeujua, na jirani ndiye atakayekuwa shahidi. Nimekwisha mtuma mtu kuwaita."

Mwaija alienda jikoni. Kupitia mlango wa nyuma aliyatazama majani ya viazi.

Majirani walifika wawili. Semboja alilima upande wa magharibi. Mzee Hiza alilima upande wa mashariki. Walianza kutembea. Semboja alionyesha mti wa mpaka na jiwe kubwa. Wote walikubali. Walizunguka kijito, wakaja nyuma ya nyumba.

Mzee Hiza alikuwa mbele. Macho yake hayakuona vizuri, lakini miguu ilijua njia. Alipofika kwenye viazi, alisimama. Alivua viatu vyake vya ngozi. Akainua mikono.

"Asalaam aleikum, ndugu yangu Mbwana," alisema. Akaomba dua. Kisha akainama, akapapasa majani. "Mwaija, mawe yako wapi?"

Athuman alimtazama mzee, akatazama viazi, akamtazama Mwaija.

"Ni nini hapa?" aliuliza.

Mwaija angeweza kusema uongo mwingine. Alichoka.

"Ni kaburi la mume wangu," alisema. "Mnunuzi wa kwanza alikimbia kwa sababu yake. Nikayatoa mawe. Nikapanda viazi. Niliogopa nitafia hapa peke yangu, bila kumwona mjukuu. Nimefanya vibaya. Chukua mke wako mwende, mwanangu. Sina neno."

Akakaa chini, pale pale kwenye majani, akajifunika uso kwa kanga.

Athuman hakuondoka. Lakini sauti yake ilikuwa kali.

"Mama, unajua kwa nini nilitoka Segera? Kwa ajili ya shamba nililia siku moja, yakaisha. Lakini mama yangu mzazi alizikwa pale. Walipitisha jembe juu yake. Leo kuna mkonge, na mimi sijui tena amelala mstari upi. Mgeni alinifanyia hivyo. Wewe umemfanyia mume wako mwenyewe!"

Mwaija alilia chini ya kanga. Mwantumu alikaa karibu naye, akamshika bega.

Baada ya muda Sadala alisema kwa upole, "Mama, kosa lako si kaburi. Watu wengi wana makaburi nyumbani. Kosa ni kuficha. Kama ungeuza hivi, Athuman angegundua siku ya kuchimba viazi. Angekwenda kwa akida. Mauzo yangevunjwa, ungedaiwa kila kitu, na ungekuwa umekwisha jenga Korogwe. Lenye kasoro lisemwe kabla ya kulipana. Anayekataa aende zake. Anayekubali, amekubali kweli."

"Nani atakubali?" Mwaija aliuliza.

Athuman alikuwa ameinama. Alishika shina la kiazi, akaling'oa. Akang'oa la pili.

"Mawe uliyatupa?" aliuliza bila kumtazama.

"Yako chini ya kitanda."

"Mwantumu, twende tukayalete."

Waliyaleta wote wawili, na Semboja akasaidia. Mwaija aliyapanga tena kwa mikono yake. Mzee Hiza alipapasa kila jiwe na kusema, "Ndiyo. Hili lilikuwa hapa."

Ndipo Sadala akakaa barazani, akaandika. Aliandika jina la muuzaji na la mnunuzi. Aliandika mipaka yote minne, na alama zake. Aliandika kwamba kaburi la Mbwana, na hatua sita kila upande, halikuuzwa na halitalimwa. Aliandika kwamba Mwaija na watoto wake wanaweza kuja kulizuru siku yoyote, kwa njia inayopita kando ya migomba. Kisha akasoma yote kwa sauti, mara mbili, polepole.

"Asiyejua kusoma asiweke alama yake mpaka amesomewa na ameelewa," alisema. "Mama, umeelewa?"

"Soma tena pale pa njia."

Akasoma tena. Mwaija akaweka alama. Athuman akaweka alama. Hiza na Semboja wakawa mashahidi. Hati ziliandikwa tatu, moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi, na moja ya kuwekwa kwa akida. Malipo yalitolewa mbele ya wote.

Wanaouliza kama Mwaija aliwahi, waambieni aliwahi. Alifika Korogwe siku tisa kabla Hamisa hajajifungua mtoto wa kike. Chumba chake kilijengwa nyuma ya nyumba ya mkwe wake, na mlango ukatazama upande mwingine, ili kila mtu apate heshima yake. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Ramadhani, alitembea siku mbili kwenda Chanika, na kila alipofika alikuta mawe yamefagiliwa.

Lakini nataka kusema jambo la asubuhi ile ya kuondoka.

Mwaija alikuwa ameamka alfajiri. Kuku walikuwa wamefungwa miguu. Mzigo ulikuwa kichwani. Watu wa kufuatana nao njiani walikuwa wanamwita, "Mama, twende, jua litatuunguza!" Mwaija aliaga. Alifika uani, na Athuman akamfuata.

"Mama, kabla hujaenda," alisema. "Huyu mzee aliyelala hapa nyuma tutaishi naye. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mwaija alisimama. Tangu siku ya mazishi, hakuna aliyemwuliza hivyo. Watu walisema pole, wakaenda zao. Kisha hapakuwa na watu.

"Alikuwa mbishi," alisema. "Mbishi sana." Akafikiri. "Aliwapa wapagazi wagonjwa kitanda chetu. Mimi na yeye tulilala chini. Nilimgombeza. Akasema, 'Wewe lala tu, kesho watakwenda.' Kila siku kesho watakwenda!"

Alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Na chakula?" Mwantumu aliuliza kutoka mlangoni. "Alipenda nini?"

"Chumvi, mwanangu! Huyo mtu na chumvi!"

Mwantumu alikuwa amekwisha tandika mkeka. Mwaija aliushusha mzigo kutoka kichwani. Akakaa. Alieleza jinsi Mbwana alivyoimba vibaya, jinsi alivyopanda migomba ile, na jinsi alivyokuja kumposa akiwa amevaa kanzu ya kuazima. Wale wasafiri waliita mara ya pili, wakaita mara ya tatu, wakachoka, wakaenda.

Mwaija alisafiri kesho yake.