Sungura wa Chiriku na Vitabu Vilivyopangwa kwa Urefu

Asubuhi ile Fundi seremala alikunywa chai akiwa amesimama, huku anapiga mluzi. Jana jioni alikuwa amemaliza kutengeneza rafu mpya za chumba cha watoto katika maktaba ya mtaa. Tena hakuishia hapo. Mkutubi, yaani mama anayesimamia maktaba, alikuwa ametoka kikazi. Basi Fundi akavirudisha vitabu vyote rafuni yeye mwenyewe, kama zawadi.

"Leo Mkutubi ataruka kwa furaha," alimwambia mkewe.

"Ataruka tu. Lakini kaa chini kwanza, chai itakumwagikia."

Mara binti yao akaingia mbio kutoka uani. Alikuwa na miaka minane, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Leo maneno yalikuwa yamemkwama.

"Baba! Pamba anajinyonyoa!"

Pamba alikuwa sungura wake mweupe. Wote watatu wakatoka kwenda bandani. Kweli, Pamba alikuwa amejikunyata pembeni, anang'oa manyoya ya tumbo lake kwa meno.

"Huo ni ukurutu," Fundi alisema. "Unaambukiza. Na humu kuna sungura wengine watatu."

"Una hakika, baba?"

Fundi hakuwa na hakika hata kidogo. Lakini alikuwa mtu wa kujibu haraka, kisha kufikiri baadaye. "Nikirudi saa sita nitamchinja. Siwezi kupoteza wanne kwa ajili ya mmoja."

Chiriku akaangua kilio.

"Mchukue mtoto muende naye maktaba," mama alisema. "Kule si kuna vitabu vya wanyama? Atafute kwanza. Akikosa jibu, hapo utafanya unavyotaka."

"Haya. Lakini mwisho saa sita."

Walifika maktaba saa tatu na nusu. Mkutubi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha watoto, mikono kichwani.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi!" Fundi alijibu, kifua mbele. "Vitabu vilikuwa vimekaa ovyo ovyo, mama. Kirefu kando ya kifupi! Nimevipanga kwa urefu, kimoja kimoja. Weka pimamaji hapo juu uone mstari ulivyonyooka."

Mkutubi alitazama rafu, akamtazama Fundi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, rafu zako ni nzuri sana, ahsante. Lakini umenipotezea vitabu vyangu vyote!"

"Si hivyo hapo?"

"Shikamoo, mama," Chiriku aliingilia, machozi bado mashavuni. "Naomba kitabu cha sungura. Pamba atachinjwa saa sita!"

Akaeleza yote kwa pumzi moja. Mkutubi akaacha kucheka.

"Vitabu vya sungura ninavyo viwili," alisema. "Haya Fundi, nitolee."

Fundi akazisogelea rafu. Akakuna kichwa. "Ni virefu au vifupi?"

"Hata sikumbuki."

Fundi alihisi uso unawaka. Mwanawe alikuwa anamwangalia.

"Niambie, Fundi," Mkutubi alisema kwa upole. "Kwenye karakana yako, misumari unaiwekaje?"

"Ya inchi moja kopo lake, ya inchi mbili kopo lake. Nikiitaka, naipata hata nikifumba macho."

"Na vitabu ni vivyo hivyo. Vinakaa kwa habari iliyomo ndani, siyo kwa urefu. Ona hapa mgongoni." Alionyesha karatasi ndogo nyeupe yenye namba. "Hii ni anwani ya kitabu. Wanyama wa kufugwa wanakaa 636."

Fundi akainama kuiangalia. Karatasi hizo alidhani ni alama za kiwandani. Jana nusura azibandue kwa msasa!

Watoto wengine watano walikuwa wameshaingia. Mkutubi akapiga makofi. "Wanangu! Leo kelele ruksa! Kila mtu atasoma namba za rafu moja. Tunatafuta 636!"

Hapo pakawa kama sokoni. Mmoja alipiga kelele, "500!" Mwingine, "Mimi nina 910!" Fundi alikuwa juu ya ngazi, anateremsha vitabu na kuviweka kwenye mafungu. Chiriku alitambaa sakafuni chini ya rafu ya mwisho.

"Nimepata! 636! Na kingine hiki hapa, chembamba!"

Watoto wakashangilia. Saa ilikuwa tano kasorobo.

Chiriku alitaka kufungua hapo hapo. "Subiri," Mkutubi alisema. "Kwanza andika swali lako."

Mkutubi akampa daftari, Chiriku akaandika: *Sungura wangu anaumwa nini?*

"Umejuaje kwamba anaumwa?"

"Baba amesema."

Fundi akakohoa.

"Andika ulichokiona kwa macho yako," Mkutubi alisema.

Chiriku akafuta, akaandika upya: *Kwa nini sungura jike anang'oa manyoya ya tumbo lake?*

"Sasa hilo ni swali! Hatusomi kitabu kizima. Nenda nyuma kabisa, kwenye faharasa. Hapo maneno yamepangwa kwa alfabeti. Tafuta 'manyoya'."

Kidole cha Chiriku kikashuka. "Manyoya, kunyonyoka, ukurasa wa 31." Akafungua, akasoma. Sauti yake ikafifia. "Ni... ukurutu."

"Si nilisema?" Fundi alisema. Lakini moyo ulimuuma alipouona uso wa mwanawe.

"Soma mpaka mwisho," Mkutubi alisema.

"Ukurutu huonekana kwanza masikioni na puani. Ngozi huwa na magamba." Chiriku akainua kichwa. "Pamba hana magamba! Masikio yake ni safi!"

"Basi kitabu kimoja hakitoshi. Tuulize cha pili."

Safari hii Fundi alikichukua mwenyewe. Alikuwa msomaji wa polepole. Akaweka kidole chini ya kila neno.

"Sungura jike... mwenye mimba... akikaribia kuzaa... hung'oa manyoya ya tumbo... ayatandike kwenye kiota. Mwekee sanduku... na nyasi kavu."

Fundi akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mwezi uliopita si nilimweka na lile dume la jirani!"

"Pamba anazaa!" Chiriku aliruka, na watoto wote wakaruka naye. "Baba, sanduku! Vipimo viko hapa hapa!"

"Andika jina la kitabu na ukurasa," Mkutubi alisema. "Mtu akikubishia, umwonyeshe."

"Mama yake hatabisha," Fundi alisema. "Atanicheka tu. Jumatatu nakuja tupange vitabu vilivyobaki. Kwa namba!"

Kabla ya saa sita, nyundo ilikuwa inalia uani. Chiriku alisoma vipimo alivyonakili daftarini, baba akakata mbao. Wakaliweka sanduku bandani na kutandika nyasi kavu. Pamba akalinusa, akaingia.

Kesho yake asubuhi walichungulia wote watatu. Chini ya manyoya meupe kulikuwa na vitoto saba, vyekundu, vimefumba macho. Chiriku aliziba mdomo kwa mikono miwili asipige kelele. Fundi alikumbuka kisu chake, akageuka pembeni na kufuta macho.

"Jamani, watafumbua macho lini?" mama aliuliza.

Fundi alifungua mdomo ajibu. Akaufunga.

"Chiriku," alisema, "lete daftari. Tuandike swali."