Zinash na Mkasi wa Bezawit

Kila jioni mama yake Zinash alipoketi kwenye kigoda kukaanga buni, Zinash alitandika kizingitini karatasi yake ya herufi za kwao, kila silabi na herufi yake, na kuanza kuimba.

"Ha, hu, hi, ha, he, hi, ho! Le, lu, li…"

Alishika unyasi mkavu, akagusa nao kila herufi, mstari kwa mstari, mpaka chini kabisa, bila kukosea hata moja. Majirani waliokuja kunywa kahawa walitikisa vichwa kwa furaha. "Mtoto huyu ni msomi!" walisema. Zinash hakuwapinga.

Karatasi hiyo alikuja nayo mjini Dessie kutoka kijijini kwa bibi yake. Kasisi aliyemfundisha kuimba herufi ndiye aliyempa siku ya kuondoka. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hasa mdogo wake Abush, aliyekuwa na miaka sita na vidole vyenye mafuta mwaka mzima.

Matata yalikuwa shuleni. Katika kitabu cha darasa la tatu herufi hazikupanga foleni. Zilikaa zilivyotaka, kama kondoo waliotorokwa na mchungaji. Zinash alipoambiwa asome, alisimama kimya kama mlingoti wa bendera. Mwisho mwalimu mkuu, Bwana Dagnachew, akamwita mama yake.

"Baada ya Pasaka nitampa Zinash ukurasa asiowahi kuuona, na hesabu chache," alisema. "Akishindwa, atahamia darasa la kwanza."

Darasa la kwanza! Huko ndiko alikosoma Abush.

"Njoo tukae dawati moja, dada," Abush alimwambia njiani. "Nitakuazima kifutio."

Zinash alimkimbiza mpaka kwa muuza mkaa.

Mama akamwomba Bezawit, binti wa jirani aliyekuwa darasa la kumi na moja, amfundishe Zinash peke yake kila siku baada ya shule. Bezawit alikuwa mwerevu na mcheshi, lakini ulimi wake ulikuwa na pilipili kuliko mchuzi wa sikukuu. Siku ya kwanza aliweka sahani ya shayiri ya kukaanga mezani, akagusa herufi moja katikati ya karatasi ya Zinash.

"Hii ni nini?"

Midomo ya Zinash ilianza kwenda mbio kimyakimya, kama ya mbuzi anayetafuna. Baada ya muda mrefu akasema, "Mo!"

"Sawa. Na hii ya pembeni yake?"

Midomo ikaanza tena mbio zilezile.

"Ngoja kwanza," Bezawit alisema. "Unaanzia 'ha' kila mara?"

"Sasa nianzie wapi?"

"Makubwa! Yaani ukitumwa chumvi kwa jirani, unapitia Gondar, mji wa mbali kule? Haya, saba mara nane?"

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Saba mara tatu…"

Bezawit aliangua kicheko. Zinash alihisi masikio yanawaka moto.

"Usinicheke! Watu wote wanasema mimi ni msomi!"

"Wewe ni mwimbaji hodari, mdogo wangu. Kusoma hujui."

Kabla Zinash hajapata tusi la kufaa, Bezawit alichukua mkasi wa kushonea. Kra! Kra! Karatasi ya kasisi ikawa vipande vyembamba, na vipande vikawa lundo la herufi mojamoja.

"Sasa tuone bila foleni," alisema.

Zinash alipiga ukelele mpaka kuku wakaruka ukuta. Akaipindua sahani ya shayiri. "Mwizi! Muuaji wa karatasi! Ile ilikuwa yangu! Nani alikwambia uiguse?" Akakusanya vipande vyote ndani ya shuka lake na kukimbia nyumbani.

Mama naye alipandwa na hasira. "Nitamkata masikio kwa mkasi huohuo!" alifoka. Kisha akageuka. "Na wewe, chakula cha watu umekimwaga? Nimekulea hivyo?"

"Siendi tena kwake!" Zinash alilia. "Karatasi nitaibandika upya, yote, halafu nitamwonyesha!"

Kesho yake baada ya shule alikoroga gundi ya unga, akapasua boksi kuukuu, akaketi uani. Aliimba "ha," akanyoosha mkono kuichukua. Mkono ukabaki hewani. "Ha" ni ipi? Siku zote aliijua kwa sababu ilikaa juu kabisa. Sasa ililala kwenye lundo pamoja na wenzake, na zote zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Kwa mara ya kwanza Zinash alilazimika kuitazama herufi yenyewe.

Abush alitokea na kitabu chake cha darasa la kwanza, chenye herufi zote nyuma. "Kuchungulia mara moja, konzi moja ya shayiri," alisema.

"Mnyonyaji wewe!"

"Basi naondoka."

Zinash alilipa. Alikuwa akisaga meno, lakini alilipa.

"Hiyo siyo bu," Abush alimwambia, mashavu yakiwa yamejaa shayiri. "Hiyo ni bi. Bu ana mkono ubavuni. Bi ana unyayo. Be amevaa bangili mguuni. Hata paka anajua!"

Zinash alitaka kumrushia gundi. Badala yake aliinama karibu zaidi. Kweli, bu alikuwa na mkono ubavuni. Akamtafuta lu: mkono ubavuni! Akamtafuta tu: mkono! Alitafuta bangili kwa le na kwa te, akaziona. Kasisi aliwahi kusema jambo kama hilo, lakini wakati ule Zinash alikuwa anaimba.

Upepo wa Dessie ulimpokonya herufi mara kwa mara, akazifukuza mpaka bandani kwa kuku, akiutukana upepo, mkasi na Bezawit. Kila jioni alirudi kubandika. Abush alipokosa wateja wa kuchungulia, alikwenda zake kucheza mpira.

Siku karatasi ilipokamilika, Zinash aliibeba kama ngao mpaka kwa Bezawit.

"Hii hapa! Ulidhani umeniweza?"

Bezawit aliitazama, kisha akagusa herufi moja. "Hii?"

"Ko! Usinibadilishie mazungumzo!"

"Hii?"

"Ti! Nasema hivi, wewe huna adabu!"

"Na hii?"

"Be! Tena una roho ya…"

Zinash alinyamaza. Midomo yake haikurudi kwenye "ha" hata mara moja.

Alingoja kicheko. Bezawit hakucheka.

"Nilikukosea, Zinash," alisema. "Karatasi haikuwa yangu. Ilinipasa nikuombe kwanza, na nisikucheke. Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Sawa. Kaa tusome hivyohivyo, ukiwa hujanisamehe."

Wakasoma. Zinash aliandika jedwali la kuzidisha kwenye boksi, na safari hii mkasi aliushika yeye. Walichanganya vipande, wakachomoa kimoja kimoja.

"Saba mara nane sijui!" Zinash alifoka.

"Saba mara saba unajua?"

"Arobaini na tisa."

"Ongeza saba nyingine."

Zinash alinuna, akahesabu, akajibu hamsini na sita. Siku nyingine alikosa maswali mengi kuliko aliyopata, akapiga meza. Bezawit aliisogeza meza mahali pake, wakaendelea.

Pasaka ikapita. Ofisini, Bwana Dagnachew alimfungulia kitabu mbele ya mama yake. Zinash alisoma polepole. Ilikuwa habari ya mkulima na punda wake. Akafika kwenye neno refu, akakwama. Midomo ilitaka kukimbilia "ha". Akaiuma. Akatafuta mkono, akatafuta unyayo, akatafuta bangili. Neno likatoka.

"Tisa mara sita?" mwalimu aliuliza.

"Hiyo bado haijanikaa, mwalimu. Lakini kumi mara sita ni sitini. Nikitoa sita… hamsini na nne."

Bwana Dagnachew aliweka kalamu chini.

"Utabaki darasa la tatu. Sasa nisikilize. Wimbo wa kasisi haukuwa mbaya, ulikupa sauti za herufi zote. Kosa ni kwamba ulisifiwa, ukaacha kutazama. Aliyekariri bila kuelewa, kitu kikihama mahali pake, hakitambui tena. Na usiogope kusema hujui. Leo umesema, na papo hapo ukapata njia. Mama yako ameniambia pia habari za hasira zako. Hasira ikikaa mdomoni ni matusi tu. Yako ilishuka mikononi, ikawa kazi. Ipeleke huko siku zote."

Mama alifuta macho kwa ncha ya shuka. Lakini Zinash alikuwa amekunja uso, anautazama ukurasa.

"Mwalimu, hii si haki!"

"Kuna nini tena?"

"Punda yuko katikati ya mto, maji yanapanda, na ukurasa umekwisha! Halafu ikawaje?"

"Waniuliza mimi?" Bwana Dagnachew alimsukumia kitabu. "Macho unayo."

Zinash akafunua ukurasa.