Kochi Jeupe la Kwenye Tovuti

Mama Makochi alikuwa na ugonjwa mmoja: maswali. Mteja akiingia karakanani kwake kutaka kochi, hatajiwi bei. Anahojiwa kwanza.

"Litakaa chumba gani? Mlango una upana gani? Una watoto? Una paka?"

Jumatatu asubuhi mteja mmoja alishika kiuno. "Mama, nimekuja kununua kochi au kuposa?"

"Heri ungeposa," alijibu Mama Makochi, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Mke akikushinda utamrudisha kwao. Kochi likikwama mlangoni utalirudisha kwa nani?"

Mteja alicheka, akajibu yote. Ndipo Mama Makochi alipopindua kochi moja, miguu juu. Ndiyo desturi yake.

"Tazama chini," alisema. "Juu ni kitambaa tu. Fundi mwongo hujificha chini."

Mumewe, Baba Sponji, alikuwa pembeni akikata sponji. Alikuwa mtu mwema, lakini mwenye haraka. Alizoea kunywa chai ikiwa inachemka, kisha kuilaumu chai.

Mteja alipoondoka, simu ya kazini ililia. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa nyumba mpya ya wageni, katika mji wa mbali.

"Nimeona tovuti yenu," alisema. "Nataka makochi kumi na mawili. Yawe kama lile jeupe la ngozi, lenye miguu ya dhahabu."

Mama Makochi alitazama huku na huku. Kulikuwa na kochi la kahawia, la bluu, na la kijani lililotafunwa na panya. Jeupe halikuwapo.

"Dada, nipe dakika tano nikupigie," alisema.

Alipogeuka, mumewe alikuwa amejificha nyuma ya sponji. Lakini sponji ile haikutosha kuficha tumbo.

"Baba Sponji! Tuna tovuti?"

"Nilitaka kukushangaza, mke wangu."

"Nimeshangaa. Haya, endelea."

"Alipita bwana mmoja mwenye tai. Akasema kila biashara inahitaji tovuti, kurasa zake yenyewe kwenye mtandao. Mtu anazifungua kwa simu popote alipo. Akaimaliza kwa siku moja."

"Alikuuliza nini?"

"Hakuniuliza kitu."

"Na wewe ulimwuliza nini?"

"Nilimwuliza kama atakunywa chai."

Waliifungua kwa simu. Maandishi yalikuwa madogo kama chawa. Juu yake kulikuwa na picha ya mume na mke wasiowajua. Walikaa kwenye kochi jeupe, na meno yao yalikuwa meupe kuliko kochi.

"Hawa ni nani?"

"Labda wateja."

"Wateja wa nani?"

Baba Sponji alikuna kichwa. "Mwambie tu ndiyo. Ngozi nyeupe tutaitafuta."

Mama Makochi alilitazama lile kochi lililotafunwa. Makochi kumi na mawili! Kazi ilikuwa imepungua mno siku hizo. Panya asingepata nafasi ya kula makochi kama watu wangekuwa wanayanunua. Hata hivyo alipiga simu.

"Dada, nisikudanganye. Lile kochi jeupe si letu. Hatujawahi kulitengeneza."

Msimamizi akasema, "Ahsante kwa kusema kweli. Wakubwa zangu wanachagua fundi Ijumaa mchana. Mimi siwezi kuja huko. Nionyesheni kazi yenu wenyewe kabla ya hapo. La sivyo, nitakwenda kwingine."

Nyumba ya pili aliishi binti wa fundi saa. Alivaa miwani tangu utoto, na mtaa mzima ulimwita Miwani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Baba Sponji hakumfikiria kabisa, maana hakuvaa tai.

"Mwanangu, tutengenezee tovuti," alisema Mama Makochi alipofika kwake na mumewe.

"Karibu, mama. Nani ataisoma? Atatumia simu au kompyuta? Mnataka afanye nini akishaisoma, apige simu au aje? Picha mnazo? Nani atakuwa anaibadilisha?"

"Maswali gani mengi hivyo!"

Miwani alitabasamu. "Mama, mwezi jana nilitaka kigoda kimoja. Uliniuliza maswali kumi na moja."

Baba Sponji alicheka mpaka akakohoa. Alipigwa kiwiko, akatulia.

"Basi na mimi nianze," alisema Mama Makochi. "Ile tovuti ya zamani huwezi kuirekebisha?"

"Anwani yake, yaani lile jina mtu analoliandika ili kuifungua, imeandikishwa kwa jina la nani?"

Baba Sponji alimpigia simu yule bwana wa tai. "Kwa jina langu, mzee," bwana alijibu. "Ndivyo ninavyofanya kwa wote."

"Hapo mmejenga kwenye kiwanja cha mtu," alisema Miwani. "Mwambieni aiondoe. Tuandikishe anwani mpya kwa jina lenu. Na nenosiri lake mtakaa nalo nyinyi, hata kama kazi nafanya mimi."

"Tukishalipa, tumemaliza?"

"Hapana. Anwani hulipiwa kila mwaka. Na mahali tovuti inapokaa mtandaoni hulipiwa pia, kama kodi ya karakana. Msipolipa, inafungwa. Nitawaandikia yote kwenye karatasi: nitafanya nini, kwa bei gani, na lini."

"Tukiwa nayo, wateja watamiminika?" aliuliza Baba Sponji, macho yakimng'aa.

"Baba, tovuti ni kibao cha dukani. Kibao hakitembei kumshika mtu mkono. Andikeni anwani kwenye risiti, kwenye mkokoteni, kila mahali."

"Itakuwa tayari Ijumaa?"

"Yote, hapana. Itachukua wiki tatu. Lakini Alhamisi mtapata ukurasa mmoja wa kweli. Leteni picha za kazi yenu. Msiazime za mtandaoni, zina wenyewe. Na maneno andikeni nyinyi. Mimi sijui tofauti ya sponji na mkate."

Jumanne walitoa makochi nje kwenye mwanga. Miwani alipiga picha. La bluu, la kahawia, na lile la kijani kabla na baada ya kushonwa upya. Kochi la mwisho Baba Sponji alilikalia kidogo ili kulijaribu. Alilijaribu mpaka akakoroma.

"Bado moja," alisema Mama Makochi. Alilipindua kochi la bluu, miguu juu. "Piga hapa."

"Chini? Mke wangu, nani atanunua tumbo la kochi?" alisema Baba Sponji, aliyekuwa ameamka sasa hivi.

"Piga, mwanangu."

Alhamisi ukurasa ulikuwa tayari. Maandishi yalisomeka vizuri kwenye simu. Namba ilikuwa yao. Mama Makochi alituma anwani kwa msimamizi, akakaa kusubiri. Ijumaa alishona mto mmoja mara tatu, na mara zote tatu ukawa upande.

Saa tisa mchana simu ililia.

"Mama, mafundi watano wametuonyesha makochi," alisema msimamizi. "Mazuri yote. Lakini aliyetuonyesha chini ni wewe peke yako. Tumeona mbao, tumeona springi. Tunataka kumi na mawili ya bluu."

Mama Makochi alikaa chini taratibu. Kisha ugonjwa wake ukamrudia. "Mlango wenu una upana gani?"

Msimamizi alijibu yote, akaongeza, "Na mimi nina swali. Kuna picha ya mzee amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Naye yumo kwenye bei?"

Mama Makochi alimtazama mumewe, aliyekuwa akipuliza chai yake kwa mara ya kwanza maishani.

"Huyo hauzwi, dada," alisema. "Nilimchukua bila kuuliza maswali, lakini nimeshamzoea."