Ufa Kati ya Mikunjo

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, binti aliyeitwa Samaki alikimbilia chumba cha uani kumsaidia shangazi yake. Jina hilo walimpa wenzake darasani kwa kumtania, maana aliota bahari mchana kutwa, na maji yote aliyoyajua ni ya bwawa la kuogelea.

Shangazi alikuwa fundi wa vifaa vya kupumulia vya wapiga mbizi. Vipya alivitengeneza kwa riziki, vya zamani kwa mapenzi. Kwenye rafu alikuwa na vya zamani saba, kila kimoja na mipira miwili mirefu kama mabomba, yenye mikunjo. Wa kulia humletea mpiga mbizi hewa ya mtungi, wa kushoto huitoa pumzi yake nyuma ya shingo.

"Ndiyo maana mapovu hayakupigii kelele usoni," Shangazi alipenda kusema. "Kule chini unasikia kimya chenyewe."

Samaki alilala na kuamka na maneno hayo. Sasa ilikuwa Jumamosi moja, na kesho yake, bwawani, Shangazi angekijaribu kifaa cha marehemu babu, ambacho alikuwa amekibadilisha viungo vya ndani. Kisha Samaki angepewa zamu yake ya kwanza.

"Ikague mipira, mwanangu. Ivute mbele ya dirisha, mkunjo kwa mkunjo. Macho yangu siku hizi hayaoni vya karibu."

Samaki aliumaliza wa kushoto. Alipouinua wa kulia, upepo wa dirishani uliingia ndani yake ukavuma polepole. Akauweka sikioni, akafumba macho. Akajiona anaelea juu ya mchanga mweupe, samaki wadogo wakimpisha njia. Akili ilisafiri mbali bila nauli.

"Tayari?"

Alishtuka. "Tayari, Shangazi. Yote miwili."

Neno lilimtoka jepesi, lakini kesho yake lilimwelemea kifuani. Shangazi alikuwa ameshaingia majini hadi kiunoni, mtungi mgongoni. Mlinzi wa bwawa alikuwa amewaambia kwamba saa sita kamili anafunga. Samaki alijua akisema, zamu yake huenda ikapotea. Aliogopa, tena sana.

"Shangazi, subiri! Mpira wa kulia sikuukagua. Nilikuwa nausikiliza."

"Unausikiliza?"

"Ulikuwa unavuma kama bahari."

Shangazi alitoka majini. Walipouvuta juani, kati ya mikunjo miwili palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Samaki akaangua kilio.

"Hapa bwawani ufa huu ungeninywesha maji tu, nikakohoa kama mbuzi," Shangazi alisema. "Lakini siku ya kwenda baharini..." Hakumalizia. Alitoa mpira mpya begini. "Haya, kagua huu."

Samaki aliukagua mara mbili. Safari hii hakusikiliza chochote. Shangazi akaufunga, akazama, akaibuka anacheka. Zilibaki dakika chache.

"Pumzi tano," alisema, akimvika kifaa na kumshika mkono.

Samaki alizamisha uso. Moja. Mbili. Mapovu yalipita nyuma ya kichwa chake, na mbele kulikuwa na buluu tupu, na kimya chenyewe. Alitamani tano iwe mbali.

Alipoibuka, Shangazi alimpangusa uso. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliofichwa, nani atauziba? Wa mpira, hata mtu mwingine angeuona. Wa neno lako, ni wewe tu wa kunionyesha. Leo umenionyesha, basi nitakuamini tena."

Tangu siku hiyo, Shangazi akiuliza, "Tayari?" Samaki hujibu kwanza, "Bado kidogo."