Bakuli Jeusi la Ubatizo

Kila siku akitoka shuleni, Nthoki alivua sare, akafua soksi na kuzianika, kisha akateka maji ndoo mbili. Kazi hizo zikiisha, aliketi kwenye kizingiti cha nyumba yao mtaani Kaloleni, akatandika gunia mapajani na kushika tezo yake ya kuchongea. Majirani waliorudi kutoka kazini walizoea kumkuta hapo akiwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Fundi, hujambo?" walimtania.

"Sijambo," aliitikia bila kuinua macho, maana patasi haina urafiki na mtu anayetazama pembeni.

Ufundi huo hakuuokota barabarani. Babu yake, mzee Ndolo, alikuwa mchongaji hodari kule Wamunyu, Ukambani, naye alimfundisha kila likizo tangu alipokuwa na miaka saba. Baba yake, Matheka, hakuurithi. Yeye alikuwa dereva wa lori, na kila aliposhika patasi alijikata. Labda ndiyo sababu alijivunia binti yake kupita kiasi. Ukikutana naye kwa kinyozi, ungesikia habari za Nthoki kabla hujanyolewa hata upande mmoja.

Mwaka huo kanisa lao lilihitaji bakuli la ubatizo. Watoto walikuwa wakibatizwa kwa maji ya karai lililobonyea kila upande, na wazee wa kanisa walisema sasa basi. Matheka aliinua mkono kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Binti yangu atalichonga," alisema. "Tena kwa mpingo."

Babu alituma gogo zito jeusi la mpingo kwa basi, kisha akatoa maagizo kwa simu. "Ukishalichimba ndani, lifunike kwa gunia lenye unyevu, uliache kivulini majuma matatu. Mpingo hauna haraka. Ukiuharakisha, unapasuka. Umenisikia, Nthoki?"

"Nimesikia, Babu."

Alisikia vizuri, lakini hakusubiri. Siku ya kulikabidhi kanisa bakuli hilo ilikuwa inakaribia, na rafiki yake Mourine alimwuliza kila asubuhi limefika wapi. Mourine alikuwa na sababu yake. Mdogo wake, Shiundu, mtoto wa miezi mitano, ndiye angekuwa wa kwanza kubatizwa kwa bakuli hilo siku ya Pasaka. Basi siku ya tano tangu alichimbe, Nthoki alipanda juu ya pipa, akaliweka bakuli kwenye mabati ya paa la jikoni ili jua lilikaushe upesi. Alijiambia kuwa ni siku moja tu. Alipolishusha jioni, ufa ulikuwa umeanzia ukingoni na kushuka hadi kitakoni.

Alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akafanya jambo ambalo wachongaji wote wanalijua, na ambalo babu yake alilichukia kuliko uvivu. Alichukua kipande cha mjakaranda uliokatwa karibu na ukumbi wa mtaa, mti laini na mweupe, akachonga bakuli jingine kwa siku nne. Akalipaka masizi ya jiko na polishi nyeusi ya viatu, akalisugua kwa kitambaa hadi likang'aa. Lile lililopasuka akalificha chini ya kitanda. Mtu asiyejua mbao asingetambua tofauti, na kanisani kwao hapakuwa na mchongaji mwingine.

Jumapili ya kulikabidhi, Matheka alivaa suti yake ya harusi, akasimama mbele ya watu wote.

"Ndugu zangu, huu ni mpingo kutoka shamba la baba yangu," alisema, "na mikono iliyouchonga ni damu yangu!"

Kina mama walipiga vigelegele. Mourine alimvuta Nthoki kwa mkono. "Manze, umeweza! Hii kitu ni moto!"

Nthoki alitabasamu kwa meno tu. Baba yake hakuwa mtu wa kudanganya. Sasa alikuwa amelidanganya kanisa zima, na wala hakujua.

Tangu siku hiyo Nthoki hakuacha kusali. "Mungu, nisamehe," alisema upesi upesi, kisha akaongeza, "na watu wasijue." Hata hivyo hakupata raha. Uji ulimshinda, na tezo ikakaa pembeni.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka mvua ilinyesha, na baridi ikawa kali. Mchungaji Ayuma, mama mpole mwenye sauti ya kusikika nje ya ua, alimwita Nthoki aje kanisani kulifuta vumbi bakuli lake. Huko Nthoki alimkuta Khalayi, mamake Mourine, akiwa amekuja na kanzu nyeupe ya Shiundu aliyoidarizi mwenyewe.

"Mchungaji, naomba kesho maji yapashwe moto," Khalayi alisema. "Shiundu ana kifua."

"Tutayapasha, Mama Mourine. Usiwe na wasiwasi."

Nthoki alikumbuka masizi na polishi. Wale wawili walipotoka kwenda kupanga viti, alimimina maji kidogo ya moto kutoka kwenye chupa ya chai hadi ndani ya bakuli, akayakoroga kwa kidole. Maji yaligeuka meusi tititi. Akaitazama kanzu nyeupe iliyokuwa imekunjwa juu ya benchi.

Hapo likamjia wazo jingine. Kama bakuli lingeanguka kwenye sakafu ya saruji, lingevunjika, naye angevikusanya vipande upesi, siri izikwe pamoja navyo. Watu wangemwonea huruma. Alimwaga yale maji nje, akaliinua bakuli kwa mikono miwili. Wakati huo huo Khalayi akarudi.

"Nthoki mwanangu," alisema, "Mungu aibariki mikono hiyo. Nimewaambia hata watu wa nyumbani Kakamega."

Nthoki aliliweka bakuli mezani polepole, kisha akatoka mbio kwenye mvua.

Nyumbani alimkuta baba yake ameketi kwenye kigoda, kiatu kimoja mkononi na kikopo kitupu mbele yake.

"Nani amemaliza polishi yangu?" Matheka alinung'unika. "Kesho ni Pasaka, niende kanisani na viatu vya kijivu?"

"Ni mimi, Baba," Nthoki alisema. "Niliimaliza kwenye bakuli la kanisa."

Mengine yote yakamtoka kwa mkupuo mmoja: paa, jua, ufa, mjakaranda, masizi. Matheka aliweka kiatu chini.

"Nilisimama mbele ya watu, Nthoki."

"Najua, Baba. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Umeniumiza." Aliinuka, akasimama mlangoni akiitazama mvua. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ya baba yule yule. "Lete lile lililopasuka. Twende kwa mchungaji. Hutakwenda peke yako."

Mchungaji Ayuma aliwasikiliza bila kumkatiza mtoto.

"Nimemwomba Mungu msamaha kila siku," Nthoki alisema huku akilia, "lakini moyo hautulii."

"Ulimwomba akusamehe, au ulimwomba akufichie?"

Nthoki aliinamisha kichwa. "Anifichie."

"Hapo ndipo pana shida, mwanangu. Mungu hasaidii kuficha dhambi. Ukiitaja kwa jina mbele zake, ukaiacha, anaisamehe kwa sababu Kristo alikwisha kufa kwa ajili yako. Sasa mwambie uliyotenda."

Nthoki alipiga magoti, na baba yake akapiga magoti kando yake. Safari hii Nthoki hakuharakisha. Aliutaja ukaidi wake kwa babu, akautaja uongo wake kwa kanisa, akakitaja kiburi kilichomfanya apende sifa kuliko ukweli. Alipomaliza, mchungaji alimwekea mkono kichwani.

"Mungu amekusamehe, Nthoki."

"Asante, Mchungaji. Basi sitachonga tena maishani."

"Ala! Nani amekuagiza hivyo?" Mchungaji aliuliza kwa mshangao. "Hiyo ni adhabu uliyojitungia mwenyewe. Mungu amekusamehe, kisha wewe unamwambia hapana? Pokea, mtoto, pokea! Sasa limebaki kanisa. Ukitaka, naweza kuwaeleza mimi."

Nthoki alimtazama baba yake, kisha akafuta machozi. "Nitasema mwenyewe."

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Nthoki alipita mbele akiwa na mabakuli mawili, na minong'ono ikaanza. Aliyainua yote mawili, akasema kwa sauti.

"Bakuli hili linalong'aa si la mpingo. Ni mjakaranda niliopaka polishi ya viatu. La mpingo ni hili. Nililianika juani kwa haraka zangu, likapasuka, nikawadanganya. Baba yangu hakujua chochote. Namshukuru Mungu kwa kunisamehe. Nanyi naomba mnisamehe."

Mzee mmoja wa kanisa alivua miwani na kuifuta bila sababu. Ndipo Matheka akainuka kutoka benchi la tatu, na viatu vyake vya kijivu, akaenda akasimama karibu na binti yake.

"Juzijuzi niliwaambia mikono hii ni damu yangu," alisema. "Neno hilo silirudishi nyuma. Mpingo nilikosea, lakini kuhusu mtoto sikukosea. Tena leo najivunia zaidi kuliko siku ile, na anayetaka kucheka acheke!"

Hakuna aliyecheka. Khalayi alikuja mbele akiwa na Shiundu ndani ya kanzu yake nyeupe. Alipomfikia Nthoki, akamweka mtoto mikononi mwake.

"Mshike wewe," alisema. "Mshike vizuri, ni mzito huyu."

Kina mama wakapasua hewa kwa vigelegele. Mchungaji Ayuma aliagiza jagi la chai, akalijaza maji ya vuguvugu, na Shiundu akabatizwa huku akiwa amekamata kola ya Nthoki asitake kuiachilia.

Baada ya ibada, watoto wa shule ya Jumapili walimzunguka mchungaji.

"Mchungaji," Mourine aliuliza, "na kama Nthoki asingesema, si Mungu angemsamehe tu? Si anajua kila kitu?"

"Mungu alikuwa amenyoosha mkono tangu siku ile ya ufa," Mchungaji Ayuma alijibu. "Nthoki ndiye aliyekuwa ameficha wake mgongoni. Watoto wangu, msamaha haununuliwi na hauchongwi. Ni wa kupokea. Lakini mkono ulioficha kitu hauwezi kupokea chochote. Ukikosa, usikimbie, wala usipake rangi. Sema ukweli kwa Mungu, sema na kwa uliyemkosea, kisha upokee msamaha na uinue kichwa chako."

Mvua ilikuwa imekatika. Matheka alimshika binti yake mkono, wakaanza safari ya nyumbani, naye akimsimamisha kila mtu njiani.

"Mnamjua huyu? Huyu ni binti yangu. Leo ameungama mbele ya kanisa zima!"

"Baba, tafadhali!" Nthoki alimsihi akitaka kujificha nyuma ya koti lake. Lakini alikuwa akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ufa alihisi njaa.