Picha Thelathini za Baba Kapya

Miaka ile ya Zaire, kila asubuhi kabla king'ora cha kiwanda cha shaba hakijalia, Musonda alipangusa vumbi kwenye baiskeli ya baba yake. Lakini tangu Baba Kapya aanze kuanguka kifafa, baiskeli ilibaki ukutani. Hospitalini, daktari akasema ana uvimbe ubongoni, karibu na mahali pa maneno.

Daktari alimpa Musonda picha thelathini. "Andika jina la kila kitu, vile baba anasemaka ku nyumba."

Musonda, wa kwanza darasani, aliona haya. Binti wa shule aandike maneno ya jikoni? Akaandika Kifaransa kitupu: baiskeli akaiita vélo, samaki akamwita poisson. Baba yake, asiyejua kusoma, alisifu mwandiko.

Asubuhi ya upasuaji, daktari aliwaonyesha Musonda na mama yake mashine yenye kalamu nyembamba juu ya mkanda wa karatasi.

"Baba atakuwa macho," alieleza. "Ubongo wenyewe hausikie maumivu. Nitamuonyesha picha, ataita jina, na kalamu zitachora kazi ya ubongo wake. Akikosea jina, nitajua nimekaribia maneno yake. Pale sitakata."

Musonda akaikumbuka orodha yake ya Kifaransa. Baba angeita kila kitu sawasawa kwa jina la nyumbani, nayo orodha ingemwambia daktari kwamba amekosea! Uvimbe ungeachwa ndani.

"Docteur, nilidanganya," akasema huku akilia. "Baba hasemake vélo. Anasemaka kinga."

"Juu ya nini ulidanganya?" mama akafoka.

"Nilisikia haya, mama."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akatoa penseli, wakaanza upya: kinga, samaki, bukari kwa picha ya ugali, mpaka picha ya thelathini.

Mchana daktari alitoka chumba cha upasuaji akitabasamu, mkanda wa karatasi mkononi. Mistari ilikuwa imelala, kisha ghafla ikaruka. "Hapa alisema kinga. Angalia: iliruka kabla hajafungua kinywa."

Musonda aligusa karatasi kwa ncha ya kidole. Neno la baba yake, kabla halijawa sauti!

"Uvimbe umetoka," daktari akasema. "Lakini ungenyamaza, ningepotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya ya kusema kweli inapitaka mbio, mutoto wangu. Ya kudanganya inabaki."

Kesho yake Baba Kapya, kichwa kimefungwa bendeji, alimgeukia bintiye.

"Musonda," akasema polepole, "kinga yangu... uliipangusa?"

Neno lake lilikuwa limebaki! Musonda akatoka mbio kwa furaha mpaka nyumbani, akatafuta kitambaa cha kuipangusa.